Mwalimu wa ngoma hafunzi miguu pekee

MPENZI msomaji, bila shaka umewahi kumwona mtoto ambaye hata kutembea hajajua vyema akisikia muziki redioni, akashika mguu wa meza na kuanza kuyumba huku na huku. Hakuna aliyemfunza. Hajui kama anacheza vizuri au vibaya, na jambo hilo halimkoseshi usingizi. Sasa hebu jiulize: mtoto yuyo huyo akitimu miaka tisa au kumi, mbona anasimama kando ya ukuta wenzake wakicheza, mikono ameikunja kifuani, na ukimhimiza ajiunge nao anakujibu, "Mimi sijui"? Ni nani aliyemwambia kwamba hajui?

Swali hili lilibisha hodi nyumbani kwangu mwaka jana. Binti yangu, wakati huo akiwa gredi ya nne, alirejea kutoka shuleni jioni moja, akazitupa njuga zake chini ya kitanda na kutangaza kwamba hatacheza ngoma tena maishani. Mama yake alidhani ni hasira za njaa, akamwandalia chakula. Mtoto hakukigusa. Nilimdodosa hadi saa tatu za usiku ndipo akafunguka. Aliyekuwa akiwafunza ngoma alikuwa amempeleka mstari wa nyuma kabisa na kumwagiza achezeshe mikono tu, miguu asiiinue, asije akawaharibia wenzake mbele ya majaji.

Nilibaki kimya. Maneno hayo niliyajua, kwani niliwahi kuambiwa yanayofanana nayo.

Nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Kwa wiki saba tulikuwa tumefanya mazoezi kila jioni tukijiandaa kwa tamasha la muziki. Siku mbili kabla ya safari, mwalimu alisimamisha ngoma, akaninyoshea kijiti na kusema mbele ya wenzangu zaidi ya thelathini kwamba nilikuwa na miguu ya mbao. Wenzangu wakaangua kicheko. Nilivua sketi ya makonge, nikamkabidhi mvulana mwingine, na basi lilipoondoka mimi nilibaki darasani nikifanya hesabu. Tangu siku hiyo sikucheza tena. Hata siku ya harusi yangu, mpenzi msomaji, nilisimama wima kama mlingoti wa bendera huku bibi harusi akizunguka peke yake, na video ipo hadi leo kama ushahidi.

Nikaapa kwamba binti yangu hatayapitia hayo. Jumamosi iliyofuata nilimshika mkono tukapanda matatu hadi ukumbi mmoja wa mtaa huko Eastlands, Nairobi, ambako jirani alikuwa amenidokezea kuwa kuna mama anayefunza ngoma na "anayewajua watoto". Mwalimu huyo amenikubalia niandike niliyoyaona, mradi nisimtaje jina. Tangu siku hiyo nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika ukumbi huo Jumamosi nyingi, nikitazama. Niliyojifunza hapo nadhani yatamfaa kila mzazi, hata yule ambaye mtoto wake hatawahi kuvaa njuga.

SIKIO KABLA YA MGUU

Mshangao wa kwanza niliupata mlangoni. Mwalimu husimama hapo na kuwaamkua watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Humtazama kila mmoja miguuni, asije akawa na kidonda au kucha iliyong'oka, kisha humuuliza amekula nini. Aliyekuja bila kutia kitu tumboni humiminiwa uji kutoka kwa chupa iliyo kando ya mlango. Nilidhani ni ukarimu tu, nikamsifu. Akanisahihisha papo hapo.

"Mzazi, mtoto mwenye njaa huonekana mvivu," aliniambia. "Ukimgombeza kwa uvivu, umemgombeza kwa sababu ya sufuria ya kwao."

Mshangao wa pili ni kwamba kwa robo saa ya kwanza hakuna aliyecheza. Watoto waliketi sakafuni wakisikiliza. Ngoma anayopenda kuwaanzishia wageni ni isukuti, ile ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Wengi wetu tumeiona harusini na mazishini bila kujua kwamba mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya turathi za binadamu zinazohitaji kulindwa kwa dharura, kwa kuwa wazee wanaoijua wanazeeka ilhali vijana wanaojitokeza kuirithi ni wachache.

Mwalimu huwataka watoto waisikilize ngoma kubwa peke yake kwanza, na kuipigia makofi. Kisha waitamke kwa mdomo: du, du, du. Halafu wasimame na kutembea tu ukumbini, kila du na hatua yake. Baada ya hapo ndipo huwaonyesha namna ya kukunja goti. Mabega, ambayo ndiyo yanayompendeza mtazamaji, huja mwisho kabisa, nayo huyakabidhi kwa ngoma ndogo. Kwa njia hii mtoto anajua kila kiungo kinasikiliza ngoma ipi, na hachanganyikiwi.

"Ngoma huingilia masikioni ikashuka," alisema. "Anayeanza kwa miguu hujifunza kumwiga jirani. Jirani akikosea, wote wawili wameanguka."

Maneno hayo yalikuwa bado masikioni mwangu zamu ya binti yangu ilipofika. Alikuwa akichelewa, kweli. Kila hatua yake ilifuata ya wenzake kwa pigo moja zima. Nikaanza kutokwa na kijasho chembamba, nikihofu kwamba huenda yule wa shuleni alisema kweli. Mwalimu alimtazama kwa muda, akamsogelea na kumwambia, "Mwanangu, funga macho, utembee kwa kuisikiliza ngoma kubwa."

Akafunga. Akatembea. Msomaji, hakuchelewa hata mara moja!

"Huyu miguu yake haina kasoro," mwalimu alinieleza baadaye. "Ana woga. Kwa sababu ya woga anatazama miguu ya mwenzake kabla ya kuinua wake, na hapo lazima achelewe. Hahitaji kufunzwa hatua nyingine. Anahitaji kuamini sikio lake."

Kwa muhula mzima, huko alikotoka, hakuna aliyekuwa ameliona jambo hilo. Waliona tu kwamba anachelewa, wakamficha nyuma. Hapa mtu mmoja aliuliza kwa nini anachelewa, na jibu lilipatikana chini ya dakika tano.

KOSA MOJA KWA WAKATI

Jumamosi baada ya Jumamosi niligundua kwamba mwalimu huyu ana masharti aliyojiwekea mwenyewe, na hayavunji hata siku ambayo kelele zimemshinda.

Sharti la kwanza ni kwamba hamrekebishi mtoto makosa mawili kwa pamoja. Mtoto anaweza kuwa amepinda mgongo, goti linachelewa, mikono imelegea na macho yako sakafuni. Yeye huchagua kosa moja, lile ambalo likirekebishwa litayavuta mengine, na hayo mengine huyanyamazia hadi wiki nyingine. "Ukimtwika mtoto mizigo minne, ataiangusha yote," husema. Hebu kumbuka, mzazi, mara ya mwisho ulipokuwa ukimsaidia mtoto wako kazi ya shule. Ulimwambia mwandiko ni mbaya, hesabu si sahihi, daftari ni chafu na kalamu ameishika vibaya, yote kwa pumzi moja. Je, alirekebisha lipi?

Sharti la pili ni kwamba hulitaja kosa lenyewe, wala si mtoto. Hutamsikia akisema "wewe ni mzito" au "wewe ni mlegevu". Atasema "goti la kulia limechelewa" au "kisigino kimegusa chini mapema". Tofauti hiyo huenda ukaiona ndogo, lakini goti lililochelewa linaweza kuharakishwa. Aliyeambiwa kwamba yeye ni mzito atafanya nini na habari hiyo? Ataibeba tu hadi nyumbani, kama nilivyoibeba miguu yangu ya mbao kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sharti la tatu ni mistari. Ukumbini humo hakuna mtoto wa mbele wala wa nyuma. Kila baada ya dakika kama kumi hivi, mwalimu hupiga kofi moja, na mstari wa mbele hurudi nyuma huku wa pili ukisogea mbele. Kwa hivyo kila mtoto huonja kuongoza bila mtu wa kumwiga, na kila mtoto huonja kuwafuata wengine bila kunung'unika. Wale hodari, ambao kwingineko wangeota mapembe, hujifunza kumpisha mwenzao. Wale waoga hujikuta mbele kabla ya kupata nafasi ya kuogopa.

Sharti la nne lilinigusa zaidi. Mtoto akishaijua hatua vizuri, hukabidhiwa mdogo wake amfunze. Nilimwona mvulana wa miaka kumi na miwili, mchezaji stadi, akihangaika kumweleza msichana mdogo namna ya kutikisa mabega. Alifanya haraka, yule mdogo akabaki ameduwaa. Alirudia polepole. Mwishowe ilimbidi asimame na kujiuliza yeye mwenyewe huanza na bega gani. Siku zote alikuwa akicheza bila kujua! Mwalimu alitabasamu tu kutoka mbali. Yule mvulana alidhani anamfunza mdogo wake, kumbe ndiye aliyekuwa akifunzwa.

KUTOKA URUSI HADI KIBERA

Nikiwa mwandishi, niliona nichimbue zaidi nijue kama mambo haya ni ya mama huyu pekee, au yana mizizi kwingineko. Nilichokipata kilinipa moyo, kwani miongoni mwa walimu wa densi walioacha jina duniani wamo ambao wenyewe walihangaika kujifunza.

Chukua mfano wa Agrippina Vaganova wa Urusi. Huyu alizaliwa mwaka wa 1879 na kuhitimu mwaka wa 1897 katika shule ya kifalme ya baleti jijini St Petersburg. Baleti, kwa asiyeijua, ni ile densi ya Ulaya ambayo wachezaji husimama kwa ncha za vidole vya miguu. Vaganova hakuwa kipenzi cha wakubwa wa jukwaa. Ilipita miaka 18 tangu ahitimu ndipo akapewa daraja la juu kabisa, mwaka wa 1915, na mwaka uliofuata akastaafu. Wengi wangekufa moyo. Yeye, kwa kuwa mwili wake haukumpa mambo bure, alikuwa amelazimika kuchunguza kila mwendo: nguvu inatoka wapi, mgongo unafanya nini mguu unapoinuka, mkono unausaidiaje mwili kugeuka. Akayageuza maarifa hayo kuwa mafunzo. Mwaka wa 1934 alichapisha kitabu cha misingi ya baleti ambacho walimu wanakitumia hadi leo, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Galina Ulanova, mmoja wa wachezaji mashuhuri zaidi wa karne ya ishirini. Alifariki mwaka wa 1951, na miaka sita baadaye shule hiyo ikapewa jina lake.

Tusiende mbali, maana hata hapa kwetu mifano ipo. Mwaka wa 2017 Mkenya Mike Wamaya, aliyekuwa akiwafunza baleti watoto wa mitaa ya Kibera na Mathare, aliteuliwa kuwa mmoja wa walimu kumi waliofika fainali ya Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Hiyo ndiyo tuzo ambayo mwaka wa 2019 ilinyakuliwa na Mkenya mwingine, Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi kutoka Njoro. Picha za darasa la Wamaya zilizagaa ulimwenguni: chumba cha darasa huko Kibera, madawati yamesogezwa kando, sakafu ya saruji, na watoto wamenyoosha mikono kwa utulivu. Hakukuwa na vioo vikubwa wala sakafu ya mbao kama ilivyo desturi ya baleti. Kulikuwa na mwalimu na nidhamu ya kurudia.

Mwaka uo huo wa 2017, kijana Joel Kioko, aliyelelewa katika mtaa duni wa Kuwinda, Nairobi, na kufunzwa baleti papa hapa jijini, alijiunga na English National Ballet School jijini London. Sisemi kwamba kila mtoto atafika London. Wengi hawatafika, na si lazima wafike. Nasema tu kwamba kipaji hakiulizi mtu anaishi mtaa gani, ila kinahitaji mtu wa kukitazama kwa makini.

NANI ANATAKA MSTARI WA MBELE?

Mpenzi msomaji, usije ukafikiri mama huyu ni wa kudekeza watoto. Mimi mwenyewe nilikwaruzana naye.

Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, kulipangwa onyesho dogo ukumbini ambapo wazazi wangealikwa. Binti yangu alikuwa amepiga hatua kubwa. Alikuwa akicheza macho yakiwa wazi na bila kuchelewa. Nilimwendea mwalimu kando nikamwomba, kwa heshima, amweke awe kiongozi wa ngoma siku hiyo. Nilimweleza jinsi alivyodhalilishwa kule shuleni. Nilitaka, na sasa naona haya kukiri, nimrekodi kwa simu na kuituma video kwa yule aliyemficha nyuma.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. "Bado," akasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu anayeongoza akikosea lazima aendelee bila kutetereka. Binti yako akikosea sasa hivi bado husimama na kunitazama. Nikimweka mbele leo, akakosea mbele ya watu mia, tutarudi tulikoanzia. Ataongoza siku atakayokosea na asinitafute."

Nilijaribu kubishana. Nikamwambia kwamba mtoto anastahili, kwamba amengoja vya kutosha. Hapo ndipo aliponitazama usoni na kuniuliza kwa upole, "Mzazi, nani hasa anataka mstari wa mbele? Yeye au wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye kiti changu cha plastiki nikiwa nimeshikwa na aibu. Usiku huo nilimuuliza binti yangu angependa kusimama wapi siku ya onyesho. Alijibu bila kufikiri: katikati, karibu na rafiki yake.

Wazazi wenzangu, tujihadhari. Mara nyingi tunawapeleka watoto kwenye ngoma, soka au piano wakatuponyee vidonda vyetu sisi. Mtoto hukubali kwa kuwa anatupenda. Lakini mzigo si wake.

KABLA YA KUMPELEKA MTOTO

Kwa kuwa najua wapo wasomaji wanaotamani kumpeleka mtoto akajifunze densi ya aina yoyote, iwe ya kitamaduni, baleti au hizi za vijana wa siku hizi, nimekusanya mambo machache ya kuangalia.

Kwanza, omba kuketi na kutazama somo zima kabla ya kulipa ada. Mahali pazuri mlango huwa wazi, na mzazi hafukuzwi. Mwalimu anayesisitiza kubaki na mtoto peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, muage uende zako.

Pili, angalia namna anavyomgusa mtoto. Densi ina kugusana, maana wakati mwingine ni lazima mgongo unyoshwe au mkono uinuliwe. Mwalimu mwangalifu huomba ruhusa: "Naweza kukushika begani?" Naye mtoto akikataa, humwonyesha kwa njia nyingine. Mtoto aliyezoea kuombwa ruhusa hujua pia kukataa mahali pengine pabaya.

Tatu, tazama wanavyoanza. Mwili hauwezi kurukishwa ungali baridi. Kwanza watoto watembee, wakimbie polepole, wapashe misuli joto, ndipo waruke. Kunyoosha viungo kwa nguvu, kama vile mtu mzima kumkandamiza mtoto hadi apasuke miguu sakafuni, ni hatari, kwani mifupa na viungo vya mtoto bado vinakua. Katika baleti, walimu wengi hawamruhusu mtoto kuvaa vile viatu vya kusimamia ncha za vidole hadi afikishe miaka kama 11 au 12, tena baada ya miaka kadhaa ya mazoezi. Akiwaambia wa miaka saba wavivae ili wapendeze pichani, jua anatafuta picha.

Nne, sikiliza vicheko. Watoto wakicheka pamoja na mwenzao, ni salama. Wakimcheka mwenzao na mwalimu akacheka nao, mchukue mtoto wako.

Tano, mtoto akirudi nyumbani usimuulize, "Ulikuwa wa ngapi?" Muulize, "Leo umejifunza kitu gani ambacho wiki jana hukukiweza?" Mwalimu wetu huwapa watoto daftari dogo la kuandika jambo hilo kila Jumamosi, sentensi moja tu. La binti yangu sasa limejaa nusu. Ukilisoma kuanzia mwanzo, unamwona mtoto akikua.

SIKU YA ONYESHO

Siku ya onyesho ilifika. Ukumbi ulijaa akina mama, akina baba wachache, mashangazi na majirani. Watoto waliingia wakiwa na njuga miguuni, ngoma kubwa ikaanza, na binti yangu alikuwa katikati, karibu na rafiki yake, kama alivyotaka.

Katikati ya mchezo alikosea. Wenzake waligeuka kushoto, yeye akageuka kulia. Moyo wangu ulisimama. Nilimwona akitaka kumtafuta mwalimu kwa macho. Kisha, msomaji, alifumba macho kwa muda mfupi sana, kama mtu anayejikumbusha jambo, akasikiliza, na pigo lililofuata lilimkuta keshageuka na yumo pamoja na wenzake. Sidhani kama kuna mtu mwingine ukumbini aliyeona. Mwalimu aliona. Aliniangalia kutoka upande wa pili na kutikisa kichwa mara moja tu. Nikaelewa kwamba sasa yu tayari.

Ngoma ilipokwisha, watoto waliagizwa wawavute wazazi wao katikati ya ukumbi. Nilijifanya napokea simu. Binti yangu hakudanganyika. Alinishika mkono akanivuta, nami nikajikuta nimesimama mbele ya watu na miguu yangu ya mbao, kwa mara ya kwanza tangu darasa la sita.

"Baba, sikiliza ile kubwa kwanza," aliniambia.

Nikasikiliza. Nikatembea. Nikakunja goti. Nadhani nilionekana kituko, maana mama yake alikuwa amejifunika uso kwa leso kwa kicheko. Binti yangu alinitazama miguuni kwa makini, uso wake ukiwa mkavu kama wa jaji, akanipa hukumu yake:

"Goti lako la kushoto linachelewa. Mengine tutayaona wiki ijayo."

Basi, mpenzi msomaji, jioni ya leo mtoto wako atakapokuletea kazi yake, iwe ni hesabu, wimbo au chapati iliyoungua upande mmoja, itazame vizuri kabla ya kufungua kinywa. Chagua kosa moja. Litaje kwa jina lake, na umwache mtoto abaki na lake. Mengine mtayaona wiki ijayo.